Kuziba mianya hatari ya usalama kwenye programu za simu za video

Kila linapotoka tangazo la mwanya mpya, maswali huwa yale yale. "Nimeshafuta Zoom, bado kuna hatari?" "Nimesasisha jana, mbona naambiwa toleo ni la zamani?" "Simu yenyewe sikuipokea, wataingiaje?" Mwongozo huu ni wako wewe mwenye simu na kompyuta yako, na wako pia fundi uliyekabidhiwa kompyuta za ofisi, shule au kanisa, pengine na seva ya Jitsi (mfumo huria wa mikutano ya video) juu yake.

Shika hili kabla ya yote: kubonyeza kitufe cha kusasisha peke yake hakuzibi kitu. Mwanya umezibwa pale toleo linalofanya kazi sasa hivi linapofikia au kupita lile lililotajwa kwenye tangazo, tena kwa kila nakala ya programu iliyomo kwenye kifaa. Wengi wanaorudi na malalamiko wameruka mojawapo ya hayo mawili.

Ama kuhusu simu usiyoipokea: simu inapoingia, programu huanza kuchambua data ya anayepiga hata kabla kidole chako hakijagusa skrini. Mwanya wa WhatsApp uliozibwa Mei 2019, wenye namba ya utambulisho CVE-2019-3568, ulikaa hapo hapo. Mshambuliaji alituma mfululizo wa pakiti (vipande vya data) za RTCP, itifaki ya kusimamia simu za mtandaoni, zilizotengenezwa kwa hila, na mwenye simu hakuhitaji kupokea. Watu wapatao 1,400 walilengwa. Kinga ilikuwa toleo 2.19.134 kwa Android na 2.19.51 kwa iPhone. Septemba 2022 ukatangazwa mwingine, CVE-2022-36934, safari hii ndani ya simu ya video inayoendelea, nao ulizibwa kwenye toleo 2.22.16.12. Kwa hiyo "mimi sipokei namba nisizozijua" ni tabia nzuri, lakini si kinga.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Namba ya mwanya, ile inayoanza na CVE, na namba ya toleo lililorekebishwa. Zichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwenye ujumbe uliosambazwa kwenye magrupu.
- Nenosiri la msimamizi wa kompyuta. Bila hilo utaishia nusu ya kazi.
- Nafasi ya GB 1 iliyo wazi kwenye simu, GB 2 kwenye kompyuta.
- Bando au Wi-Fi. Tenga MB 300 kwa kila kifaa ili upakuaji usikatike katikati.
- Daftari au jedwali lenye safu tano: kifaa, mtumiaji, programu, toleo kabla, toleo baada. Ukiwa na kompyuta zaidi ya tatu, usitegemee kumbukumbu.
- Kwa wenye seva: njia ya kuingia kwa SSH, na saa ambayo hakuna mkutano.

Hatua ya 1: Soma tangazo upange haraka yake

Tafuta mambo matatu. La kwanza ni alama ya CVSS, kipimo cha ukali wa mwanya: 9.0 hadi 10.0 ni hatari ya juu kabisa, 7.0 hadi 8.9 ni kubwa. La pili ni mfumo unaoguswa. La tatu ni kama mwanya umeshaanza kutumiwa na washambuliaji; shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, lina orodha ya wazi ya mianya ya namna hiyo, iitwayo KEV. Mwanya uliomo kwenye orodha hiyo unashughulikiwa leo, hata kama alama yake ni 8.

Mfano: Agosti 2025 Zoom ilitangaza CVE-2025-49457, alama 9.6, inayogusa programu zake za Windows zilizo chini ya toleo 6.3.10. Ukiwa na kompyuta 12 za Windows na Mac mbili, unajua uanzie wapi.

Jihadhari na kusoma namba za toleo kama desimali. Kosa hili linawapotosha hata mafundi. Toleo 6.3.10 ni jipya kuliko 6.3.9, na 5.11 ni jipya kuliko 5.9. Kila sehemu kati ya nukta isome kama namba kamili inayojitegemea: kumi na moja ni kubwa kuliko tisa, basi.

Hatua ya 2: Orodhesha kila programu inayoweza kupiga simu ya video

Watu hutaja Zoom na WhatsApp wakaishia hapo. Ongeza Teams, Telegram, Signal, Messenger, na vivinjari vyote, maana Google Meet na Jitsi hutembea ndani ya kivinjari. Kwenye orodha hiyo, viondoe hivi mara moja:

- Skype. Microsoft iliifunga tarehe 5 Mei 2025, kwa hiyo kubaki nayo ni kubaki na programu isiyo na mtu wa kuitengeneza.
- GBWhatsApp na ndugu zake wote. Hazitoki kwa Meta, na viraka (masasisho ya kuziba mianya) vya Meta haviingii humo. Hakuna njia ya "kuisasisha" ikawa salama. Kabla ya kuifuta hifadhi picha, na mazungumzo yenye maana yatoe kwa "Export chat", kwa sababu nakala yake mara nyingi haisomeki kwenye WhatsApp halisi.
- Kivinjari cha pili au cha tatu ambacho hakuna anayekitumia.

Hatua ya 3: Simu

Fungua WhatsApp, nenda "Settings", kisha "Help", kisha "App info", andika namba ya toleo. Kwenye iPhone namba iko humo humo ndani ya "Help". Halafu fungua Play Store au App Store, tafuta WhatsApp, bonyeza "Update". Ukimaliza, ifunge programu kabisa kwa kuitoa kwenye orodha ya programu zilizo wazi, ifungue tena, rudi "App info" ulinganishe.

Sasa angalia mpangilio unaowaacha watu wengi nyuma bila kujijua. Ndani ya Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, "Settings", "Network preferences", "Auto-update apps". Ukikuta imewekwa isasishe kwa Wi-Fi pekee, na wewe mwaka mzima unaishi kwa bando, basi simu yako haijisasishi kamwe. Ama ruhusu data ya simu, ama ujipangie siku moja ya wiki ya kusasisha mwenyewe. Binafsi napendekeza uruhusu data. MB chache kwa wiki ni nafuu kuliko simu iliyoingiliwa.

Programu iliyorushwa kutoka simu ya rafiki kwa Xender au Bluetooth ina toleo la siku ile iliyorushwa, na huna uhakika kama haikuguswa. Ifute, uipakue upya dukani.

Hatua ya 4: Zoom kwenye Windows

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu Zoom inaweza kuwepo mara kadhaa kwenye kompyuta moja. Ukiweka kwa faili la kawaida la EXE, mara nyingi inaingia ndani ya akaunti ya mtumiaji mmoja tu, kwenye folda ya AppData. Watumiaji wanne wakiweka kila mtu kwa akaunti yake, kuna Zoom nne. Fundi akisasisha ya kwake, tatu zinabaki na mwanya.

a) Fungua PowerShell kama msimamizi, uandike:

Get-ChildItem C:\Users\*\AppData\Roaming\Zoom\bin\Zoom.exe | ForEach-Object { $_.FullName; $_.VersionInfo.ProductVersion }

Utaona kila nakala na toleo lake. Kisha angalia folda ya C:\Program Files\Zoom\bin, ambako huwekwa nakala ya watumiaji wote.

b) Nakala ikiwa moja tu: fungua Zoom, bonyeza picha yako juu kulia, kisha "Check for Updates". Subiri ipakue, ikubali kujiwasha upya.

c) Nakala zikiwa nyingi: zifute zote kwa CleanZoom, kifaa kinachotolewa na Zoom wenyewe, kisha weka nakala moja ya watumiaji wote kwa faili la ZoomInstallerFull.msi:

msiexec /i ZoomInstallerFull.msi /qn /norestart

d) Rudia amri ya (a). Isikuonyeshe kitu ndani ya C:\Users.

Kumbuka kuwa nakala iliyowekwa kwa MSI ni dhamana ya msimamizi. Mtumiaji wa kawaida huenda asione hata "Check for Updates", kwa hiyo likitoka toleo jipya ni juu yako kupita na MSI mpya. Na kompyuta zilizobaki na Windows 10 zijue kuwa msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Kiraka cha Zoom hakizibi mwanya wa Windows iliyo chini yake.

Hatua ya 5: Mac na Linux

Kwenye Mac, fungua Terminal usome toleo hivi:

defaults read /Applications/zoom.us.app/Contents/Info.plist CFBundleShortVersionString

Angalia pia folda ya ~/Applications. Aliyechagua kujiwekea yeye peke yake ana nakala yake humo.

Wanaouliza kama kufuta programu kunatosha, wakumbuke Julai 2019. Zoom ya Mac ilikuwa ikiacha seva ndogo iliyofichika kwenye poti 19421, na seva hiyo ilibaki hata baada ya programu kufutwa. Iliweza hata kuirudisha Zoom bila kuuliza. Apple ililazimika kusambaza sasisho la kuiondoa kimyakimya. Kwenye Mac ya zamani iliyokaa kabatini miaka mingi, hakiki kwa:

lsof -i :19421

Isipojibu chochote, hakuna kitu kwenye poti hiyo.

Tena, Agosti 2022 mwanya wa kisasishi cha Zoom ya Mac ulizibwa kwenye 5.11.5, na muda mfupi baadaye ikalazimu itoke 5.11.6 kwa sababu kiraka cha kwanza hakikutosha. Rudi kwenye ukurasa wa tangazo baada ya wiki moja uone kama wameongeza neno.

Kwenye Linux, Zoom uliyoiweka kwa faili la .deb haiguswi na apt upgrade, kwa kuwa haina hazina (repository) ambako apt ingechukua matoleo mapya. Pakua faili jipya, kisha:

sudo apt install ./zoom_amd64.deb

Hatua ya 6: Vivinjari

Andika chrome://settings/help kwenye sehemu ya anwani. Kwenye Edge andika edge://settings/help. Kivinjari kitajikagua chenyewe na kupakua. Ukiona kitufe cha "Relaunch", bado hujamaliza: toleo jipya limeshuka, lakini linalofanya kazi ni lile la zamani. Wenye tabo 60 zilizo wazi huahirisha kitufe hiki kwa wiki nzima. Kibonyeze, tabo zitarudi.

Hili si jambo la pembeni. Septemba 2023 mwanya CVE-2023-5217 ulipatikana kwenye libvpx, maktaba inayobana (encode) video kwa mfumo wa VP8, na ulikuwa umeshaanza kutumiwa. Chrome ilizibwa kwenye 117.0.5938.132, Firefox kwenye 118.0.1. Programu nyingi za kompyuta, Signal mojawapo, hubeba injini ya Chrome ndani yao, kwa hiyo kusasisha Chrome hakuzisaidii. Kila moja inahitaji sasisho lake.

Hatua ya 7: Seva yako ya Jitsi

Asiye na seva aruke mpaka kwenye matatizo.

a) Chukua nakala ya mipangilio. Usiruke hapa hata kama una haraka:

sudo tar czf /root/jitsi-nakala.tar.gz /etc/jitsi /etc/prosody /etc/nginx/sites-available /etc/turnserver.conf /usr/share/jitsi-meet/interface_config.js

Hilo faili la mwisho hufutwa na kuandikwa upya na sasisho, na nembo au jina la taasisi yako likiwa humo litapotea.

b) Andika matoleo yaliyopo:

dpkg -l | grep -E 'jitsi|jicofo|prosody|coturn'

c) Sasisha:

sudo apt update && sudo apt full-upgrade

Soma majibu ya apt update mstari kwa mstari. Ukiona NO_PUBKEY au EXPKEYSIG kwenye mstari wa download.jitsi.org, seva haipokei tena matoleo mapya ya Jitsi, ingawa vifurushi vingine vitasasishwa na utadhani mambo yamekaa sawa. Leta ufunguo upya:

curl -sL https://download.jitsi.org/jitsi-key.gpg.key | sudo sh -c 'gpg --dearmor > /usr/share/keyrings/jitsi-keyring.gpg'

Ukiulizwa kama uweke faili jipya la mipangilio au ubaki na lako, bonyeza D uone tofauti kwanza. Kukubali jipya bila kusoma ndiko kunakofuta mipangilio ya kuingia kwa nenosiri, na seva ikabaki wazi kwa yeyote kuanzisha mkutano.

d) Washa upya huduma zote, si moja:

sudo systemctl restart prosody jicofo jitsi-videobridge2 nginx coturn

e) Funga poti zisizohitajika. Kutoka nje zinatakiwa 80 na 443 za TCP, 10000 ya UDP, 3478 ya UDP na 5349 ya TCP, pamoja na 22 yako ya SSH. Tazama kinachosikiliza kwa sudo ss -tulpn. Ukiona 5222 au 5280 imefunguliwa kwa dunia nzima, na kila kitu chako kiko kwenye seva moja, izuie kwa ufw, ngome (firewall) ya seva yenyewe. Ruhusu poti 22 kabla ya kuandika ufw enable, usije ukajifungia nje.

f) Kagua coturn, programu inayopitisha video pale vifaa visipoweza kuunganishwa moja kwa moja. Kabla ya toleo 4.5.2 mtu aliweza kuifanya ipeleke data kwenye seva yenyewe kwa kutumia anwani 0.0.0.0 (CVE-2020-26262). Baada ya kusasisha, fungua /etc/turnserver.conf uhakikishe kuna no-cli, no-multicast-peers, na mistari ya denied-peer-ip kwa mtandao wa ndani, kwa mfano:

denied-peer-ip=10.0.0.0-10.255.255.255
denied-peer-ip=172.16.0.0-172.31.255.255
denied-peer-ip=192.168.0.0-192.168.255.255
denied-peer-ip=127.0.0.0-127.255.255.255

Bila mistari hiyo, seva ya simu za video inaweza kugeuzwa njia ya kufikia printa, kamera na mashine zote za ndani.

g) Jaribu kwa vifaa vitatu, kimoja kikiwa kwenye data ya simu. Viwili havitoshi: watu wawili tu wakiwa mkutanoni, Jitsi huwaunganisha moja kwa moja, na video haipiti kwenye seva. Utasema inafanya kazi, kumbe hujaijaribu.

Wanaotumia Docker wana mitego yao miwili. Mosi, docker compose pull italeta toleo lile lile kama docker-compose.yml yako ni ya zamani, maana toleo limeandikwa humo. Pakua kifurushi kipya chote, hamisha thamani zako za .env, ndipo uvute na kuwasha. Pili, poti zinazofunguliwa na Docker huipita ufw, kwa hiyo zizuie kwenye docker-compose.yml yenyewe au kwenye ngome ya kampuni inayokukodisha seva. Na kama ulianza kabla ya stable-4384-1, nenosiri za ndani zilikuwa za kiwandani, zinazojulikana na kila mtu (CVE-2020-11878). Endesha ./gen-passwords.sh, futa folda ya ~/.jitsi-meet-cfg, uwashe upya.

Kiraka kikiwa bado hakijatoka

Acha kutumia programu iliyoguswa, ingia mkutanoni kwa kivinjari kilichosasishwa. Kwa Zoom, kwenye ukurasa wa mwaliko bonyeza "Join from your browser".

Matatizo ya kawaida

Play Store inaonyesha "Open" badala ya "Update", na toleo ni la zamani. Matoleo husambazwa kwa awamu. Futa kashe ya Play Store, jaribu baada ya saa chache. Ikiendelea, pengine Android yako imezeeka na programu haitolewi tena kwayo. Hapo dawa ni simu nyingine.

"App not installed" unapoweka WhatsApp halisi. Ile ya kuchakachua bado ipo na saini hazilingani. Ifute kwanza.

Zoom imesasishwa, lakini ukibonyeza kiungo cha mkutano inafunguka ya zamani. Kuna nakala ya pili. Rudi hatua ya 4.

Jitsi inakata picha anapoingia mtu wa tatu. UDP 10000 imezuiwa, au seva iko nyuma ya ruta na haijui anwani yake ya nje. Angalia ngome ya kampuni inayokukodisha seva kabla ya kugusa mipangilio.

Baada ya sasisho Jitsi inakwama kwenye "reconnecting". Linganisha /etc/prosody na nakala uliyochukua, kisha soma sudo journalctl -u prosody na faili za /var/log/jitsi.

Unashuku mtu alishaingia kabla hujasasisha. Kiraka hufunga njia, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Kwa kifaa kingine kilicho safi, badilisha nenosiri za barua pepe na za huduma za fedha, ukianza na barua pepe. Kwenye WhatsApp fungua "Linked devices", toa kila usichokitambua. Hifadhi picha na namba, kisha rudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Usirejeshe programu kutoka kwenye nakala, zipakue upya dukani. Kwa tukio la ofisi, usifute chochote kwanza: tenganisha mashine na mtandao, iache ikiwa imewaka, utoe taarifa kwa kituo cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao, TZ-CERT kwa Tanzania au KE-CIRT/CC kwa Kenya, ukiwapa jedwali lako la matoleo pamoja na tarehe na saa ulizoona dalili.